Sura ya Tisa: Viatu Pembeni mwa Sakafu

Viatu vya marehemu vilikuwa vimepangwa vizuri kupita kiasi. Vimekaa bega kwa bega, kamba zimetumbukizwa ndani, kama vya mgeni anayeingia kwa watu kwa heshima. Inspekta alivitoa kwenye mfuko wa ushahidi, akavirudisha palepale vilipokutwa, ukingoni mwa sakafu ya mbao, kisha akarudi nyuma, akavitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyerudi kutoka shule mapema kuliko kawaida.

"Afande, viatu havisemi," Sajini alisema.

"Vinasema tangu juzi. Sisi ndio viziwi."

Kituoni walimwita Kupe, kwa sababu aking'ang'ania jambo hang'oki mpaka jambo lipasuke au apasuke yeye. Wengine walimwita hivyo kwa kumteta. Sajini, kwa unene wake na kwa miaka waliyotembea pamoja, alimwita hivyo usoni.

"Sikiliza, Kupe. Mkuu ameshasema. Mchana huu fundi wa taa anapanda kizimbani kwa mauaji. Wewe uko hapa unapanga viatu kama mwuza mitumba."

Inspekta aliinua macho.

Ukumbi Mkuu ulikuwa mtupu, na ukumbi wa namna ile ukiwa mtupu huwa mkubwa maradufu. Viti vilipanda pande zote hadi gizani. Chini ya paa lilipita daraja jembamba la chuma ambalo mafundi hulitumia kufikia taa. Chini ya daraja, katikati kabisa ya uwanja wa mpira wa kikapu, ndipo mlinzi wa geti alipomkuta Meneja wa ukumbi alfajiri ya juzi. Alikuwa amelala chali, kisogo kimepasuka, soksi miguuni. Kwamba alianguka kutoka juu, hilo halikuwa na ubishi. Daktari alisema, na mifupa ilisema.

Kilichobaki kilionekana chepesi. Mlinzi aliapa kwamba jioni iliyotangulia kikosi cha sakafu kilimaliza kazi, kikatoka chote. Baada yao aliingia fundi wa taa, peke yake. Mbali na yeye, mpaka alfajiri hakuingia mtu wala hakutoka mtu. Na wiki iliyopita fundi huyohuyo aligombana na Meneja ukumbini, mbele ya watu, akamwambia, "Siku moja utaanguka, na hatapatikana wa kukudaka." Maneno kama hayo, mtu akifa kwa kuanguka, hakimu hahitaji miwani kuyasoma.

"Huenda alijiua," Sajini alijaribu. "Wanaojiua huvua viatu. Nimeona wengi, wanavipanga hivyohivyo."

"Avivue hapa chini, kisha apande ngazi ile ndefu kwa soksi?"

"Mtu anayetaka kufa ataogopa nini, mafua?"

Inspekta alikwenda nyuma ya jukwaa, mahali ngazi inapoanzia, akapanda, na Sajini akamfuata huku akihema na kulaani. Kule juu palinuka grisi na kinyesi cha popo. Inspekta alivua kiatu kimoja, akatembea hatua chache juu ya chuma, akageuza unyayo. Soksi yake ilikuwa nyeusi tii, kama iliyokanyaga sufuria ya mkaa.

"Soksi za marehemu ulizionaje?"

Sajini alifikiri. "Safi."

"Na soli za viatu vyake?"

Walikuwa wamezipiga picha wao wenyewe. Soli zilijaa grisi nyeusi.

"Alipanda na viatu," Inspekta alisema, "na alianguka na viatu. Maiti haijivui viatu, Sajini. Alivuliwa."

"Na muuaji gani anamsukuma mtu, halafu anashuka kumvua viatu na kumpangia?"

"Hilo ndilo jambo lenyewe."

Sajini aliegemea chuma, akatazama chini. "Mimi hapa nilifanya mtihani, nikafeli. Hapahapa nikaokoka kwenye mahubiri, wokovu ukadumu wiki. Na kile kivuko kilipozama, majeneza tuliyapanga pale langoni. Kaka yangu alikuwa wa pili kutoka ukutani. Mjini hapa hakuna asiyekuwa na deni na ukumbi huu."

"Ndiyo maana nataka kujua ni nani alikuja kulidai."

*

Fundi wa taa alikuwa mtu mkavu, mwenye vidole vilivyoungua kwenye ncha. Mahabusu yalikuwa yamemkausha zaidi. Alipoona Inspekta, hakusimama.

"Umekuja kunichukua? Wamesema ni mchana."

"Nimekuja kukuuliza. Jioni ile hukumwona Meneja?"

"Nimeshasema mpaka koo limeota malengelenge. Nilipita nyuma ya jukwaa. Nilikuwa nabadili taa za jukwaani, pazia limeshushwa, uwanjani kumezimwa taa. Angekuwepo tembo nisingemwona."

"Ulikanyaga mbao?"

Fundi alicheka kidogo, kicheko kisichofika machoni. "Afande, mimi sikanyagi mbao za watu. Kile kikosi kina wazimu wake. Leo wanafunga ulingo wa ndondi, kesho wanaufungua, wanatandika mbao kwa ajili ya kikapu, keshokutwa wanazing'oa kwa ajili ya harusi ya mkubwa fulani. Wamezipenda zile mbao kuliko wake zao. Kanyaga na viatu uone. Hata uwe rais, watakufokea."

"Nahodha wao ni rafiki yako?"

"Rafiki?" Sasa fundi aliinua kichwa. "Alinisimamia harusi. Mwanangu wa kwanza ana jina lake. Hapa nilipo, mke wangu akilia namwambia, tulia, Nahodha anatafuta wakili."

"Amekuja kukuona?"

Fundi aliangalia vidole vyake vilivyoungua.

"Ana kazi nyingi," alisema.

*

Kikosi cha sakafu kilikuwa na watu wanane, na wote waliketi kwenye benchi la wachezaji kwa miguu mitupu, kama watoto wanaosubiri chanjo. Mwishoni alikaa Nahodha, mwanamume wa makamo mwenye mabega mapana, ambaye zamani alichezea timu ya mji kwenye mbao hizohizo. Pembeni yake alikaa Mama Nguzo, mwanamke pekee kikosini. Walisema anabeba kipande cha sakafu begani kama mwenzake anavyobeba kanga.

"Mlitoka saa ngapi, mnajua, mmesema," Inspekta alianza. "Mlipotoka, Meneja alikuwa wapi?"

"Alisimama kwenye mlango wa ofisi, akatupungia mkono," alisema wa kwanza.

"Alisimama kwenye mlango wa ofisi, akatupungia mkono," alisema wa pili.

Wa tatu alipofungua mdomo, Inspekta aliinua kiganja. "Nimesikia. Alisimama mlangoni, akapunga. Meneja wenu alikuwa mtu wa kupungia watu mkono?"

Mmoja wao alikohoa.

"Alikuwa hasalimii hata mbwa," Mama Nguzo alisema polepole, na Nahodha akamtazama.

"Binti yangu," Nahodha akaingilia, akimwambia Inspekta kwa sauti ya upole, "mtu hubadilika siku yake ikikaribia. Wazee husema hivyo."

"Wazee husema mengi, baba. Na lile turubai la ulingo nililoliona limeanikwa nyuma, nani alilifua?"

"Mimi," alisema Nahodha.

"Watu wa usafi wanasema halijawahi kufuliwa tangu linunuliwe. Wanasema lina damu ya kila bondia aliyepigwa mji huu, na mlikuwa mnajivunia."

"Lilianza kunuka."

"Juzi ndiyo lilianza kunuka?"

Nahodha alitabasamu bila kuonyesha meno. Inspekta alimwacha. Alikwenda ukingoni, akainua mguu, akakanyaga mbao kwa kiatu.

"Viatu!"

Sauti nane zilitoka kwa pamoja, kama risasi. Hata aliyekuwa akikohoa alipiga kelele. Kisha wakagundua wamemfokea nani, wakainamisha vichwa.

"Samahani, Afande," Mama Nguzo alisema. "Ni mazoea. Kijiwe kimoja kikiingia, mbao inachubuka, mchezaji anateleza, anavunjika goti. Tumefundishwa hivyo na waliotutangulia."

"Kosa ni langu." Inspekta alirudisha mguu. "Nataka kupiga picha upya. Sajini atalala pale katikati kama marehemu alivyolala. Lakini Sajini ameteguka mguu kwenye ngazi."

"Mimi?" Sajini alisema.

"Wewe. Asubuhi."

Sajini alimtazama, akautazama mguu wake, akaukunja uso. "Aah. Unauma kweli. Unauma mpaka kwenye jino."

"Mbebeni, mkamlaze. Tafadhali, nina haraka. Mahakama inatusubiri."

Walisita. Lakini wale walikuwa watu wa kubeba. Ukimwambia mbebaji beba, mikono yake hutangulia kabla ya akili. Wanne walimwinua Sajini, huyu bega, yule paja, Nahodha akiwa mbele. "Afande ana uzito wa jukwaa zima," mmoja alinung'unika, na wengine wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichowapoteza. Walipofika ukingoni mwa mbao walisimama bila mtu kuwaambia simameni. Mama Nguzo aliinama, akafungua kamba za buti la kulia. Nahodha akafungua la kushoto. Wakalivua hili, wakalivua lile, wakayaweka pembeni bega kwa bega, na Nahodha, kwa kidole kimoja, akazitumbukiza kamba ndani.

Kisha wakamwinua tena, wakapiga hatua mbili.

Walisimama katikati ya njia. Sajini, aliyekuwa hewani na soksi zenye tundu kwenye kidole gumba, aligeuza shingo akayatazama mabuti yake pembeni mwa sakafu.

"Kumbe," alisema.

Mikono ya Nahodha ililegea kwanza, na Sajini akatua kwa kishindo. Mama Nguzo alikuwa ameshakaa chini, mdomo ameufunika kwa viganja viwili.

"Hatukufikiri," alisema nyuma ya viganja. "Wallahi, hata siku ile hatukufikiri. Tulimvua tu. Mtu haingii na viatu."

"Mama Nguzo," Nahodha alisema.

"Niache! Mwenzetu anapelekwa mahakamani leo! Ulisema atatoka. Ulisema hana kosa, watamwachia wenyewe wakichoka!"

Inspekta alivua viatu vyake. Alivishika mkononi, akatembea juu ya mbao hadi katikati, akaelekeza kidole chini.

"Ng'oeni hapa."

Waliing'oa. Walifanya kazi kama wanavyofanya siku zote, bila kugongana, kila mmoja akijua mwenzake atashika wapi. Isipokuwa leo hakuna aliyepiga mluzi. Vipande vilipoondoka, zege ilijitokeza, ya kijivu, yenye vumbi la miaka. Katikati ya vumbi palikuwa na duara lililosuguliwa, jeupe kama kovu. Na kwenye ufa mmoja mwembamba ambao brashi haikuufikia, palikuwa na mstari wa kahawia.

Inspekta alichuchumaa, akauangalia, akainuka.

"Alianguka kabla mbao hazijatandikwa," alisema. "Nyote mkiwa humu. Mkamfunga kwenye turubai la ndondi, kwa sababu pale damu haimshangazi mtu. Mkaosha, mkatandika sakafu juu, kisha mkamlaza juu ya sakafu, ili ionekane alianguka mkiwa mmeshaondoka. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea," alisema Nahodha.

"Nani alikuwa naye juu?"

"Mimi." Alisema kama anayeitikia jina lake kazini. "Hawa hawakujua kitu mpaka kishindo. Andika hivyo."

"Nitaandika ulichofanya. Kwa nini?"

Nahodha alishuka kwenye zege, akasimama kando ya lile duara. Alionyesha kwa mguu mahali karibu na nguzo ya goli.

"Mwaka wa mafuriko watu walilala humu. Unakumbuka? Redio zilituimba, ukumbi wa huruma, mji wenye moyo. Mama yangu alilala hapa, kwenye hii zege, kifua kinamkereza kama msumeno. Nyumba imekwenda na maji. Halafu Meneja akapata tamasha lake. Akaja mchana, akasema ukumbi uwe tayari jioni, wahamie nje, chini ya ngazi za majukwaa. Mvua inapiga. Nani anaandaa ukumbi? Mimi. Nilitandika sakafu watu wakiwa bado wanakunja mikeka. Nilimwambia mama mwenyewe, mama, sogea, tunaleta kipande. Akasogea. Akaniomba radhi, Afande. Mama yangu aliniomba radhi kwamba amekalia mahali pangu pa kazi. Hakumaliza wiki."

Hakuna aliyemwangalia.

"Na bado ulifanya kazi naye," Inspekta alisema.

"Watoto wanakula nini? Nikafanya. Nikamwita bosi. Jioni ile tukapanda kuangalia kulabu za taa. Mvua ndiyo kwanza zimeanza. Akatazama hii zege tupu, akasema, 'Mwaka huu tufunge mageti mapema, wale wa mafuriko walituachia uvundo.' Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayezungumzia panya." Nahodha alifungua viganja vyake. "Sikumsukuma kwa nguvu. Nilimsukuma kama unavyosukuma mlango ulioachwa wazi."

Nje lori lilikuwa likirudi nyuma, likipiga honi.

"Kwa hilo," Inspekta alisema, "wengine wanaweza kukulilia. Mimi nisingewakataza. Lakini fundi wa taa alikukosea nini?"

Sasa ndipo uso wa Nahodha ulipobomoka, si kabla.

"Tulisahau kwamba anarudi jioni ile. Tulidhani watasema amejiangusha, au ameteleza. Walipomkamata, nikasema leo nitakwenda. Kesho yake nikasema leo. Kila nikifika barabarani nawaona watoto wangu."

"Na yeye, wa kwake wa kwanza ana jina lako."

Nahodha alinyoosha mikono mbele, ikiwa pamoja.

*

Mkuu wa kituo alipiga simu kabla gari la polisi halijatoka getini. Alimpongeza Inspekta kwa maneno mawili na akamwuliza kwa maneno mengi kwa nini sakafu imeng'olewa. Jumamosi kulikuwa na tamasha. Wenye ukumbi wameshampigia, na wakubwa zao wameshawapigia wao. Wapige picha, wakwangue wanachokwangua, wairudishe.

"Nani ataitandika?" Inspekta aliuliza. "Tumewakamata wote."

"Vibarua hawakosekani mji huu," Mkuu alisema, akakata.

Vibarua waliitwa waje kesho yake. Kikao cha mahakama kilifutwa. Saa tisa fundi wa taa aliachiwa kwa mlango wa nyuma, bila samahani, mkanda wake na saa yake vikiwa kwenye bahasha. Mvua ilikuwa imenyesha mchana wote. Mke wake alimngoja kwenye geti la kituo, lakini yeye alisema kwanza anataka kuchukua mkoba wake wa vifaa uliobaki ukumbini. Inspekta akampeleka kwa gari. Njiani alimweleza. Hakupamba wala hakupunguza.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Wote wanane?"

"Mama Nguzo alisema mwishoni."

"Mwishoni." Alilionja neno lile. "Siku ile nilipogombana na Meneja, unajua tuligombea nini? Alitaka kuwakata kikosi cha sakafu siku za malipo. Mimi simo kikosini. Nikamwambia siku moja utaanguka, hatapatikana wa kukudaka. Niliwasemea wao."

Inspekta alishika usukani kwa mikono miwili, akaendesha.

Mkoba ulikuwa ng'ambo ya pili ya ukumbi, chini ya jukwaa. Kuna njia ya kuzunguka nyuma, nayo fundi aliijua kuliko mtu yeyote. Inspekta alivua viatu vyake mlangoni bila kufikiri, akavishika mkononi. Fundi hakuvua. Viatu vyake vilikuwa na tope jekundu la uani mwa kituo. Alisimama ukingoni mwa mbao, mahali palepale, kisha akazikanyaga.

Alikwenda polepole, huku tope likibaki nyuma yake unyayo kwa unyayo. Alipofika katikati, pale mbao zilipong'olewa na zege kuonekana, alisimama. Aligeuza kichwa kidogo kuelekea benchi la wachezaji. Alisikiliza. Inspekta, na viatu mkononi, naye alijikuta anasikiliza.

Benchi lilikuwa tupu.

Fundi alingoja kidogo zaidi. Kisha akaliruka lile shimo, akaendelea na viatu vyake.